Kalembe Iliyobaki kwenye Barafu

Neema alinipigia simu siku ambayo kitivo kilikuwa kinaniaga baada ya kustaafu. Sikuitambua sauti yake mara moja, maana nilimwacha akiwa msichana wa kuchekacheka na sasa alikuwa na sauti nzito ya mama wa watu. Aliniambia kwamba Mama Neema, mama yake, amefariki Kitshanga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Mazishi yalikuwa yamekwisha, lakini matanga yangeendelea hadi kesho yake, na kesho hiyo ndiyo wangesoma maisha ya marehemu mbele ya watu. Kisha akaniomba kitu. Kwa miaka yote ya kambini mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba shamba lake la migomba limeandikwa kwenye vitabu vya Ulaya, na hakuna aliyemwamini. Wengine walimcheka mbele yake, wengine wakasema ni uzee na taabu. "Dada Odette, nataka niseme ile maneno ya shamba," Neema alisema. "Lakini nikisema bila kitu mu mukono, batamucheka tena, na sasa hawezi kujijibia. Utume kitu. Hata karatasi moja." Nilimwahidi kwamba nitatuma kabla ya kesho, kisha nikaingia ukumbini kwa sababu walikuwa wananisubiri.

Mimi si mtu wa sherehe, na yeyote aliyefanya kazi nami Kisangani atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Justin, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa kitivo, alikuwa ameonyesha orodha ya machapisho yangu ukutani kwa projekta, tangu la kwanza hadi la mwisho. Aliwaeleza wageni, ambao wengi walikuwa wamefuata chakula, kwamba mtafiti hapimwi kwa wingi wa kurasa alizoandika bali kwa jinsi wenzake wanavyozitaja katika kurasa zao. Hilo si kweli kabisa, ila siku ya kuagwa mtu habishani. Makala zangu nyingi hazitajwi na mtu isipokuwa mimi mwenyewe. Ni moja tu inayobeba nyingine zote mgongoni, nayo ni fupi, na inatokana na mwaka mmoja wa ujana wangu niliokaa Kalembe, mashariki ya Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale. Ndani yake tulieleza vinasaba vya bakteria anayenyausha migomba. Katika kazi yetu, bakteria aliyetolewa shambani na kukuzwa maabara hupewa jina la mahali alipopatikana, na wetu aliitwa Kalembe. Alisomwa mapema kuliko wengine, kwa hiyo kila anayemsoma mwingine humlinganisha na huyu, na kila anayemlinganisha hana budi kuitaja makala yetu. Hivyo ndivyo nilivyopata jina. Niliwahi kukaa mezani kwenye mkutano wa ng'ambo, kijana mmoja mwenye tai akanifafanulia kwa upole mwingi kuwa Kalembe bila shaka ni jina la mwanasayansi aliyemgundua. Nilimwambia ahsante na nikaendelea kula.

Nyumbani kwangu kuna utulivu ambao wageni huusifu na mimi nimeuzoea bila kuupenda. Jioni ile nilivua viatu vya sherehe, nikaweka shada la maua kwenye ndoo kwa kuwa sina chombo kingine, nikaifungua makala. Nilitaka kuona ni ukurasa gani niutume Kitshanga. Nilitafuta mahali ambapo Mama Neema yupo. Yumo kwenye jedwali tu, katika mstari unaosema kwamba bakteria huyu alitoka kwenye shamba la nyumbani, Kalembe. Tena mstari wenyewe uko kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu wa pale kambini angeweza kuisoma kwa sauti mbele ya waombolezaji. Nilikaa nimekodoa macho kwenye mstari ule. Watu wa nchi nyingi wameupitia, na nina hakika kwamba mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuusoma nikasikia moshi wa jiko.

Nilifika kule kwa pikipiki kutoka Kitshanga, nimekumbatia sanduku la vichupa vitupu kama mtu aliyebeba mtoto. Kazi niliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Ugonjwa mpya ulikuwa umeingia kwenye migomba, watu waliuita sida ya migomba, yaani ukimwi wake, na mimi nilitakiwa kuzunguka pande zote mbili za mpaka, vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, nikikata mashina yanayoumwa na kukusanya ule utomvu wa njano unaotoka ndani yake kama usaha. Nilipewa chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Neema kwa jina la binti yake mkubwa, kama ilivyo desturi, na hadi naondoka sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake mwenyewe. Chumba kilikuwa cha mbao, na kabla yangu kilikuwa ghala la maharage. Magunia mawili hayakuwa na pa kwenda, kwa hiyo tuliishi pamoja, na hadi leo nikinusa maharage makavu nakumbuka godoro langu la majani. Dirisha halikuwa na kioo bali kifuniko cha mbao, ukikifungua baridi ya mlima inaingia, ukikifunga unakaa gizani mchana. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa jiko.

Ukuta ule wa mbao ndio uliokuwa rafiki yangu wa kwanza, na pia adui. Mama Neema aliniletea chakula mezani chumbani mwangu, au alimtuma Neema, ambaye aliweka sahani, akafunika mdomo, akakimbia kwenda kumalizia kicheko chake jikoni. Bugali wa muhogo, maharage, sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese ya upande wa Walikale, na mara nyingine maziwa mazito ya ng'ombe wa malishoni. Chakula kilikuwa kizuri na nilikila peke yangu, nikiwasikia wao wanakula, wanapishana kauli, wanagombea ukoko. Walizungumza Kihunde. Nilichotambua ni jina langu tu, na kila lilipotajwa sauti zilishuka. Nilidhani wananitenga. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kwa Mama Neema mgeni kupelekewa chakula mezani ilikuwa heshima kubwa kabisa aliyokuwa nayo, na kwamba alikuwa anajinyima kiti chake pekee ili mimi nikae. Heshima inaweza kumwua mtu kwa upweke. Siku nyingine nilikuwa nasogeza kiti hadi ukutani na kutafuna polepole ili nimalize sambamba nao.

Nje mambo yalikuwa magumu zaidi. Nilikuwa napita kwenye shamba, nakata, najaza kichupa, nashukuru, naondoka, na baada ya muda kamati ya kijiji inafika kumwambia mwenye shamba ang'oe migomba yake ili isiambukize ya jirani. Watu waliunganisha mambo hayo mawili, na ningekuwa mimi ningeyaunganisha vilevile. Wakaanza kuniita mama ya ugonjwa. Hakuna aliyenikosea adabu, walinisalimu wote, wengine hadi kwa mikono miwili, lakini hakuna aliyesogea karibu. Saa za jioni, kazi zikiisha, majirani walikuwa wanakaa kuzunguka mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake wa tete, wananyonya taratibu na kusemezana. Mwenye mtungi ndiye anayekupa mrija. Ukipewa umekuwa mtu wa pale, usipopewa unasalimia na kupita. Nilisalimia na kupita mwaka karibu wote. Nilikuwa na umri ambao mtu anadhani upweke ni kosa lake, kwa hiyo nilijitahidi kutembea kama mwenye haraka.

Siku za soko ndizo zilizonipa nafuu. Wakulima wa msituni walikuja kutoka Walikale na mawese, nyama iliyokaushwa kwa moshi na vikapu, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa haujawafikia sana walizungumza nami kwa uwazi zaidi. Niliwafuata hadi kwao mara kadhaa. Mwenye shamba mmoja, mwindaji, Mkristo mwenye rozari shingoni, alinizuia nisikate shina hadi aseme kwanza na wazazi wake waliozikwa chini ya migomba. Alisema nao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewaomba waliokaa mlangoni wasogee apite. Nilirudi nikamhadithia Mama Neema, na yeye akaniambia, bila kuacha kuchambua maharage, kwamba mume wake pia yuko pale nyuma ya nyumba, mwisho wa migomba yake, na ndiyo maana upande ule hapendi watoto wachezee. Nilikuwa nimepita pale kila siku nikienda chooni. Tangu hapo nilipunguza mwendo nikipita.

Migomba ile ilikuwa mali yake yote iliyokuwa inaonekana. Neema alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa kijiji cha Kashuga, na mama yake alikuwa ametangaza, mbele ya mashahidi, kwamba siku ya kupokea wakwe hakuna mtu atakayekunywa pombe ya kununua. Alikuwa anaihesabia mikungu yake harusi tangu ikiwa maua. Kwa hiyo asubuhi aliponiita niende nikaone kitu, nilijua kabla sijafika, kwa sababu hakuwa amewahi kuniita. Mkungu mmoja ulikuwa umeiva kabla ya wakati, ndizi nyingine za njano na nyingine bado changa, na lile ua jekundu chini yake limesinyaa. Nilikata ndizi moja, ndani ilikuwa na madoa ya kutu. Nilikata shina, tukasimama wote wawili tukiangalia utomvu wa njano unavyojikusanya. Aliuangalia ule utomvu, kisha akaniangalia mimi usoni, na sikuweza kuuficha uso wangu. Aliuliza kama ni yote. Nikasema kwamba mingine bado mizima lakini kamati itataka ing'olewe yote. Alitazama upande wa kaburi, halafu akaniuliza kama nimeshakula.

Mchana ule wanawake wa jirani walikuja jikoni. Safari hii hawakuzungumza Kihunde bali Kiswahili, ili ukuta unisaidie kuelewa. Walimwambia Mama Neema kwamba waliona tangu mwanzo, kwamba huyu muntu wa vichupa anaubeba ugonjwa kwenye kisu chake, kwamba amfukuze kabla hajamaliza mahali palipobaki. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maharage. Kisu nilikuwa nakichoma moto baada ya kila shina, lakini ningemweleza nani? Nilisubiri anitaje, nikaanza hata kukunja nguo zangu. Mama Neema aliwaacha wamalize. "Huyu mutoto analala mu nyumba yangu," alisema. "Kama njo yeye alileta, basi nililetewa na mutoto yangu. Mutanifanya nini?" Nilisikia sufuria ikiinjikwa na mtu akibadilisha mazungumzo. Nilizikunjua nguo na nikalia kwa kuuma kitambaa, maana ukuta ule ulikuwa unapitisha sauti pande zote mbili.

Aling'oa migomba yake kwa jembe lake mwenyewe, yeye na Neema na mimi, na mwisho hata wale wanawake wa jikoni walikuja kusaidia. Kabla ya hapo alivuna mikungu ya mashina ambayo yalikuwa bado mazima, akaifukia shimoni hadi ikaiva, tukaikamua kwa majani, akachanganya na unga wa mtama uliokaangwa. Ilitoka mitungi michache tu, haikutosha harusi, na aliamua kwamba afadhali inywewe na waliolima kuliko kuwaaibisha wakwe kwa kidogo. Siku shamba lilipobaki udongo mtupu, kaburi likionekana wazi hadi barabarani, tulikaa kuzunguka mtungi. Mama Neema alichukua tete, akakata kipande, akapuliza kuondoa vumbi, akaninyooshea mbele ya wote. Kasiksi ile ilikuwa chachu kidogo na ilinipanda kichwani haraka, na mtu mmoja akanitania kwamba mama ya ugonjwa anakunywa kama baba. Nilicheka hadi nikasahau kwamba tulikuwa tunakunywa shamba la mwenye nyumba.

Siku chache baadaye nilikuwa naandika majina kwenye vichupa, naye alikuwa amekaa mlangoni anachambua. Aliniuliza kile cha kwake nakiandikaje. Nikamweleza kwamba kule maabara wanataka jina la mahali, lakini kama anapenda naweza kuweka pembeni na jina lake, ili ijulikane shamba lilikuwa la nani. Alikataa haraka, karibu akasirike. "Jina yangu usiweke ku ugonjwa," alisema. "Lakini Kalembe, andika. Uandike na ionekane. Bajue kama huku kuko bantu." Nikaandika Kalembe kwa herufi kubwa. Alikishika kile kichupa akakigeuza kwenye mwanga, akanirudishia. Hakuna aliyeniambia kwamba jina lile litakuwa zito kuliko langu.

Vichupa vya mwaka mzima vilitangulia na gari. Mapigano yalikuwa yamesogea, barabara ilikuwa na baryeri baada ya baryeri, vizuizi vya wenye bunduki, na gari likazuiliwa siku nyingi juani, masanduku yakiwa juu ya paa. Kile cha Mama Neema hakikuwemo. Nilikuwa nimekichukua mwishoni, na yeye alikiweka kwenye mchanga wenye maji pale anapositiri mtungi wake wa maji ya kunywa, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Nilipoitwa niondoke haraka nilikitia kifuani, ndani ya kitambaa chenye maji, nikapanda pikipiki. Mama Neema alinifungia ndizi? Hapana, hakuwa nazo tena. Alinifungia viazi vya kuchemsha na kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akanisindikiza hadi barabarani. Sikumwona tena kwa macho.

Maabara ilikuwa kwenye mji wa baridi ambao sitautaja, kwa sababu haukunifanyia kosa lolote na mimi sikuupenda. Nilikuwa na chumba chenye dirisha la kioo, meza na kiti, na hapakuwa na ukuta wa kusikiliza, maana jirani zangu walikaa kimya kuliko magunia. Nilipitisha miezi bila kusema neno la Kiswahili. Tulijaribu kuwakuza bakteria wa vichupa vyote vya mwaka ule na kwenye sahani hapakuota kitu, au paliota ukungu. Kisha asubuhi moja nikafungua kabati la joto nikaona sahani moja imejaa matone ya njano, yanang'aa, yameumuka vizuri. Niligeuza sahani nikasoma mwandiko wangu. Nililia pale pale na koti la maabara, na mwenzangu akanipongeza akidhani ni furaha ya kazi. Ilikuwa ni furaha kidogo. Zaidi ya hapo ilikuwa ni kwamba katika mji ule wote, kitu pekee kilichowahi kuishi kwenye nyumba niliyoishi mimi kilikuwa ni kile.

Niliwahi kumpata Mama Neema kwa simu, kupitia mfanyabiashara mmoja wa soko la Kalembe aliyekuwa na simu. Nilimweleza kwamba ya wengine yote ilikufa na ya kwake ikaishi, kwamba tumeisoma yote ndani, kwamba itaandikwa, na kwamba sasa tumeihifadhi kwenye barafu kali ili isife kamwe. Alinisikiliza. "Ile iliyoua migomba yangu," alisema polepole, "njo munachunga mu frigo?" Nikasema ndiyo, Mama. Akauliza inakula nini. Nikamwambia ukweli, kwamba ikitolewa huwa tunaipa sukari. Nikasikia anamgeukia mwenye simu na kumweleza habari ya sukari, na wote wawili wakacheka, kwa sababu huko sukari ilikuwa imepanda hadi watu wanakunywa chai bila sukari. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza. "Bon. Muichunge muzuri basi," alisema. "Ni ya kwetu." Laini ikakatika.

Makala ilitoka, na watu wakaanza kuitaja. Mwanzoni nilizisoma kurasa zao zote kwa uroho, kila niliposikia tumetajwa mahali. Nilikuta kwamba wengi hawakuwa wameisoma. Walikuwa wamechukua jina kutoka kwa aliyelichukua kwa mwingine, na kutajwa kwa namna hiyo ni sawa na kusalimiwa na mtu aliyekufananisha. Lakini kilichoniumiza ni sentensi zenyewe. Kalembe ilistawi vizuri. Kalembe haikuathirika na baridi. Kalembe ilihifadhiwa katika hali salama. Nilikuwa nazisoma sentensi hizo miaka ile ile ambayo ujumbe wa Neema ulikuwa unanifikia kwa kuruka ruka, kwamba wamekimbia usiku na vyombo vichache, wako Kashuga kwa wakwe, kwamba Kashuga nako hakukaliki, kwamba sasa wako kambini Kitshanga na mama anakohoa. Aliniandikia mara moja kwamba Kalembe hakuna mtu, hata kuku. Ningemwonyesha nani kurasa hizo na ujumbe wa Neema vikiwa bega kwa bega? Wenzangu walikuwa watu wema, wangeinamisha kichwa na kuuliza kama nahitaji likizo. Nikaendelea na kazi, nikaandika makala nyingine, nikapanda vyeo, na popote nilipoenda nilitambulishwa kama yule wa Kalembe, na popote hapo hapakuwa na mtu wa kusema naye habari za Kalembe. Nilituma pesa kambini nilipoweza. Kwenda sikwenda, barabara ilikuwa inafungwa kila nilipoamua, na mwisho ikawa ni miguu yangu mizee ndiyo iliyoifunga.

Kwa hiyo jioni ile ya kuagwa niliifunga makala. Nilipiga picha ukurasa wa jedwali, nikazungushia duara jekundu neno Kalembe, nikautuma kwa simu, maana Neema alitaka kitu mkononi. Kisha nikabonyeza pale pa kurekodi sauti na nikaongea. Nilisema mimi ni nani. Nilisema kwamba marehemu alisema kweli, kwamba shamba lake limeandikwa, na limetajwa na watu wa nchi ambazo nyingine hata mimi sizijui, na kwamba kila anayesoma ugonjwa huu duniani huanzia nyuma ya jiko lake. Nilisema jina lake halimo kwa sababu yeye mwenyewe alikataa, lakini jina la Kalembe yeye ndiye aliyeliagiza, na nikayasema maneno yake kama alivyoyasema, bajue kama huku kuko bantu. Nilisema pia habari ya mchanga wenye maji, kwamba ya wengine yote ilikufa juani na ya kwake ikaishi kwa sababu aliiweka karibu na maji yake ya kunywa. Nikatuma, nikakaa na lile shada kwenye ndoo.

Jibu lilikuja kesho yake alasiri. Lilikuwa ni sauti, Neema alikuwa amerekodi matanga yenyewe. Kwanza nilijisikia mimi nikiongea, nikitoka kwenye simu nyingine, kwa mbali, chini ya hema, na watoto wakikohoa. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa Kihunde kitu ambacho sikukielewa, ila nililielewa lile jina, Mama Neema, na namna lilivyosemwa, na Neema akawa analia bila kujificha. Mwanamume mmoja akauliza kwa Kiswahili kama kale kadudu bado kazima. Neema akajibu kwamba ndiyo, dada alimwambia mama kwamba bako nako mu frigo, banakapa na sukari. "Basi mu bantu yote ya Kalembe," yule mwanamume akasema, "ni kenyewe tu njo kalipata nyumba." Wakacheka. Walicheka wote, kicheko kirefu cha watu waliochoka kulia, kikaanza kufifia, mtu akakichokoza kwa neno kuhusu sukari kikawaka tena. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu jikoni kwangu Kisangani, na machozi yananitoka. Karibu na mwisho, kicheko kikiwa kimetulia, mtoto aliuliza huyu aliyeongea mu simu ni nani.

"Ni wa kwetu," Neema akamwambia, na sauti ikaishia hapo.